Ukisikia mtu "has done a runner" usiulize kakimbia kasi gani

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Leeds, Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Wiki moja tu nimechanganywa mara tatu. Msimamizi kaniambia 'get yourself off, love', nikajua nishafukuzwa kazi, kumbe ananiruhusu niende nyumbani. Halafu tunapokezana shifti wakasema mfanyakazi mmoja 'has done a runner', nikauliza anakimbia mbio za wapi, wakacheka mpaka basi. Na kwenye basi kijana kamwambia mwenzie 'do one', kidogo wazichape. Nimekremu listi ndefu ya intaneti na maneno yote wameandika maana yake ni kuondoka ghafla. Sasa nitofautisheje, yapi nitumie, na kwenye ripoti naruhusiwa kuyaandika?"

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Kwanza hiyo listi itupe. Sio kwamba ina uongo, maneno yenyewe ni ya kweli kabisa, ila imeyapanga kama vile yote ni kitu kimoja, kuondoka ghafla, kuondoka ghafla, kuondoka ghafla, na hapo ndo inapokupoteza, maana wenye Kiingereza chao wakisema mtu kaondoka hawahangaiki sana na kasi. Wanachoangalia ni kaacha nini nyuma. Kaacha bili haijalipwa? Kaacha kodi ya nyumba? Kaacha mchumba anapiga simu haipokelewi, kaacha wenye sherehe bila kuwaaga, kaacha kesi mahakamani, au hajaacha kitu, kazi kamaliza na anaenda zake? Ukishajibu hilo, neno linajileta lenyewe. Na la pili uangalie nani anamwambia nani, kwa sababu neno lilelile ukijisemea mwenyewe ni adabu na ukimgeuzia mwenzio ni ugomvi.

Na wala sio ajabu yao peke yao. Aliyesepa, aliyetoroka na aliyeingia mitini, wote watatu hawapo, lakini aliyesepa hakuna anayemtafuta.

Tuanze na msimamizi wako. Kaskazini mwa Uingereza, na hapo Leeds ndo penyewe, "get yourself off" ni ruhusa, tena ya huruma, anakwambia umeshachoka, yaliyobaki tutamalizia, jikatie zako nyumbani. Hilo "love" la mwishoni lilitosha kukutuliza, watu wa Yorkshire wanamwita hivo mtu yeyote, utaitwa na muuza mboga na utaitwa na dereva wa basi. "You can shoot off now" ni hiyohiyo, hakuna risasi hapo, ni "unaeza kuchomoka sasa".

Neno la kulishika hapo ni "off". Mtu akijisemea mwenyewe "I'm off", "I'd best be off", "I'll shoot off", au bila off, "I must dash", huyo anaaga tu vizuri. Akimgeuzia mwenzie akasema "clear off", "push off", "shove off", "buzz off", hapo anamfukuza, na kuna mengine ya familia hiyohiyo yanayoanza na b na p ambayo sina sababu ya kuyaandika, ukienda mpirani utafundishwa bure. Katikati kuna "off you go" na "off you pop", haya ni ya kumwambia mtoto anapoenda shule, ukimwambia mtu mzima anaeza kuona unamdharau, na hapo kwenu nakuomba usimwambie mzee wa miaka 80 "off you pop" hata kama umesikia wenzio wanasema, wenzio wana lafudhi ya kuwalinda na we huna. Afu kuna mitego midogo, "I'm off Monday" inaeza kuwa "Jumatatu siko kazini" na inaeza kuwa "Jumatatu nasafiri", "the milk is off" maziwa yamechacha. Hapo unasikiliza maneno ya kabla na ya baada, hamna dawa ingine.

"Do one" ya kwenye basi ni ya kufukuza, haina upole hata kidogo. Imetokea kaskazini magharibi, upande wa Manchester na Liverpool, saa hizi iko nchi nzima, na maana yake ni "toka hapa, potea". Ndugu zake ni "jog on", "hop it", "sling your hook" na "on your bike". Hiyo ya baiskeli ilipata umaarufu wa kisiasa mwaka 1981, waziri wa ajira Norman Tebbit alisimama kwenye mkutano wa chama chake cha Conservative akasema baba yake alikosa kazi miaka ya 1930 na hakufanya fujo, alipanda baiskeli akaenda kutafuta kazi, na watu wasio na ajira wakamsikia anawaambia "on your bike", yaani poteeni. Kuanzia hapo ukiitamka mbele ya watu wa umri fulani kuna wanaokasirika mara mbili. Kitu kimoja kizuri cha kujua, "do one" ikitoka kwenye kuamrisha ikaingia kwenye kusimulia inapoa, "he's done one" ni "jamaa kasepa", basi, hamna tusi hapo.

Sasa "do a runner", hii ndo yenyewe, hii ikae kichwani. Mtu aliyefanya "runner" anadaiwa. Kakaa mgahawani kala kashiba katoka kwa mlango wa nyuma, kateremka kwenye teksi kakimbia, au kama huyo mfanyakazi mwenzenu, kaacha shifti au mshahara wa mkopo au kitu fulani ambacho watu walitegemea atakuwepo nacho. Bwana harusi aliyetokomea asubuhi ya harusi naye "has done a runner", hadaiwi pesa ila anadaiwa harusi. Kwaiyo ukisema "sorry I did a runner yesterday" kwa sababu uliwahi treni tu, umejishtaki bila kosa, sema "sorry I had to rush off". Wamarekani kwa mgahawani wana yao, "dine and dash". Na usidhani ni utani tu wa mitaani, England na Wales kula ukakimbia bili ni kosa lina jina lake, "making off without payment", lipo kwenye Theft Act ya 1978 kifungu cha 3, na mahakama inaeza kukupa hadi miaka 2 jela.

Cheki pia muundo wake, kile "do a" kinazaa sana. "Do a bunk" ni kutoroka, na kutoka hapo "bunk off" ni utoro wa shule au wa kazini. "Do a moonlight flit" ni kuhama usiku wa manane na godoro kichwani ili mwenye nyumba asubuhi akute funguo na deni. Ila hapo hapo ujue "flit" peke yake Scotland na kaskazini mwa England ni kuhama nyumba kwa kawaida kabisa, mchana kweupe na lori, neno la Kinosi la zamani hilo lililoachwa na Waviking, kwaiyo mzee wa hapo kwenu akikwambia "when we flitted in '62" usimwangalie kwa jicho la kodi. Deni limo kwenye "moonlight".

Kundi lingine linatumia "it" ambayo haimaanishi kitu chochote: "leg it", "peg it", "beat it", "hightail it", Wamarekani "book it". Usiulize "it" ni nini, hakuna hata mwenyewe anayejua, imekaa pale kama kishikizo tu. "We legged it" ni "tulitimua mbio", hapa kweli kasi ipo, mguu niponye, mbwa nyuma yenu au mvua au polisi. "Beat it" ukimwambia mtu ni kufukuza. "Hightail it" imetoka kwa wanyama, swala na farasi wa mwituni wakikurupuka wanainua mkia juu, wawindaji wa Marekani wakaona, wakaazima.

Nenda taratibu hapa kwenye "bail", maana nimeona watu wenye digrii wakiumia. "He bailed" au "he bailed on us" ni slengi, tulikubaliana tuonane na hakuja au kaondoka katikati, kama Wakenya wanavosema amehepa. "He was bailed" ni sheria, kapewa dhamana, yuko nje kihalali. "He skipped bail" au "jumped bail", kapewa dhamana afu katoroka, huyu ndo anatafutwa. "She bailed him out" kamwokoa, kamlipia, inaeza kuwa mahakamani na inaeza kuwa hata kamlipia tu bili ya umeme. Maneno manne, watu wanne tofauti kabisa, na mmoja tu kati yao ndo mtoro. Mkalimani wa mahakamani akikosea hapo kaharibu maisha ya mtu.

Na hilo linatuleta kwenye ripoti. Jibu fupi: hapana, usiandike hata moja kati ya hayo. Sio kwa sababu ni matusi, ni kwa sababu kila moja lina hukumu ndani yake, limeshaamua kwamba aliyeondoka ana kosa. Ripoti inataka saa, mlango, nguo alizovaa na nani alimwona mwisho. Mzee mwenye dementia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akitoka nje peke yake usiandike "did a runner" wala "escaped", nyumba yenu sio gereza, andika "left the building unaccompanied" na saa. Hapo Uingereza kuna kitu kinaitwa Herbert Protocol, ni fomu inayojazwa mapema ina picha ya mzee, sehemu anazopenda kwenda, alikofanya kazi zamani, ili akipotea polisi wasianze kuuliza upya, ilianzia kwa polisi wa Norfolk na imepewa jina la George Herbert, askari mkongwe wa vita ya Normandy aliyekuwa na dementia. Uliza kama wazee wako wanayo.

Ukiwa na ndugu Marekani kwenye kazi hizi mwambie na hili, maana lilishachekesha wengi: kule kwenye hospitali na nyumba za wazee mgonjwa akitoka bila ruhusa wanaandika "the resident eloped". Kwa Kiingereza cha kila siku "elope" ni kutoroka na mpenzi kwenda kufunga ndoa. Sasa we mgeni unasoma faili la bibi wa miaka 90, limeandikwa "eloped twice this month", unajiuliza huyo babu yuko wapi. Ni lugha ya kazi tu. Na mgonjwa mwenye akili timamu aliyekataa kubaki wanaandika kaondoka "AMA", yaani kinyume na ushauri wa daktari, Uingereza wanasema "self-discharged".

Neno zito kuliko yote hapa, na nalisema kwa ajili yako na wenzio mlioenda kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri, ni "abscond". Hili sio slengi, hili ni la mahakama, la magereza na la uhamiaji. Mwajiri anayekudhamini viza anatakiwa kuwaarifu Home Office, yaani wizara yao ya mambo ya ndani, ukikosekana kazini zaidi ya siku 10 mfululizo za kazi bila ruhusa, na neno linaloweza kutembea kwenye hayo makaratasi ndo hilo. Kwaiyo mwenzio akiwa anaumwa kalala nyumbani, meneja akakuuliza yuko wapi, usitafute neno la kizungu la kunogesha, usiseme "she's absconded" kwa sababu uliliona kwenye listi, na hata "she's gone AWOL" iache ingawa wenyewe wanaitumia kwa utani kila siku, ni neno la jeshi hilo, asiyekuwepo bila ruhusa. Sema "she's off sick". Hapo ile "off" yetu imerudi na kazi yake ya maana kabisa.

Haya, sasa kuondoka bila kuaga, hapa ndo napapenda. Waingereza tangu karne ya 18 wanaita hiyo "French leave", kwamba Mfaransa akialikwa kwako anakula, anacheza, afu unageuka hayupo. Uliza Wafaransa sasa, wao kitendo hichohicho wanaita "filer à l'anglaise", kuchomoka Kiingereza. Kila mmoja kambebesha jirani. Na Ulaya nzima imegawanyika kwenye hiyo kesi, Waitaliano, Wapoland na Warusi wamesimama na Mfaransa wanasema ni tabia ya Kiingereza, Wahispania na Wareno wamesimama na Mwingereza wanasema ni ya Kifaransa, Wajerumani nao wana msemo wa kumsingizia Mfaransa na mwingine wa kumsingizia Mpoland ili mradi sio wao. Marekani wakamtwika Mwairishi, "Irish goodbye" au "Irish exit", na hii ndo utaisikia sana kwa vijana siku hizi, "I Irish-exited", nilichomoka kimyakimya kwenye pati. Tahadhari moja, nyuma yake kuna dhana kwamba Mwairishi kaondoka kimya kwa sababu kalewa hataki aonekane, kwaiyo mbele ya Mwairishi usiyemzoea iweke kando. "French leave" yenyewe imezeeka, wanajeshi waliitumia sana kwa maana ya kuondoka kambini bila ruhusa, leo utaikuta zaidi kwa wazee wako na kwenye vitabu.

Sisi tuliolelewa kwamba mgeni haondoki mpaka aage mpaka jikoni hiyo tabia inatuuma, naelewa. Ila usidhani Mwingereza haagi. Anaaga sana, tena anachelewa kuliko sisi. Kaangalie akiwa ugenini, anapiga mapaja yake kwa viganja viwili, anasema "Right!", na hiyo "Right" maana yake ni kwamba ndani ya nusu saa ijayo ataanza kufikiria kuinuka. Afu "I'd best be off", afu kasimama mlangoni robo saa anaongelea barabara iliyofungwa. Wamarekani wa katikati ya nchi, upande wa Minnesota na majirani zake, wanafanya hayohayo kwa neno "Welp". Kwaiyo ukiaga kwa mtindo wa kwetu hakuna atakayekushangaa, tena watu wa Yorkshire watakupenda.

Kutoweka kwenye simu, yaani mtu mlikuwa mnaongea kila siku afu meseji hazijibiwi, namba imezimwa, hiyo ni "ghosting", kamusi ya Merriam-Webster iliiingiza 2017. Kabla ya hapo vijana wa hip hop Marekani miaka ya 1990 walikuwa wanasema "I'm ghost" kwa maana ya "mi naondoka", bila kumuumiza mtu. Cheki neno lilivobadilika, mzimu wa kwanza alikuwa anaaga, mzimu wa sasa haagi. Waajiri nao wameliokota, wanalalamika mtu kafaulu intavyuu kapewa kazi siku ya kwanza hakutokea, "he ghosted us", na watafuta kazi wanawajibu kwamba nyie ndo mlianza, mnatuita intavyuu afu kimya. Mi niko upande wa watafuta kazi kwa hilo.

Umeniuliza kwa pembeni haya maneno yanatoka wapi, na nimejizuia mpaka hapa, ila nikubalie kidogo. Mengi yamezaliwa mahali ambapo watu walikuwa na sababu ya kukimbia kweli. "Cut and run" ni ya mabaharia, adui katokea ghafla na nanga iko chini, huna muda wa kuivuta, unakata kamba na kuiacha huko chini unashika upepo. Sisi wa pwani tunasema kung'oa nanga na maana yake ni safari imeanza kwa heshima zake. Wenzetu hawa nanga hawakuing'oa, wameitelekeza, na ndo maana "cut and run" ni lawama mpaka leo, wanasiasa wa Marekani walirushiana sana wakati wa vita ya Iraq. "Skedaddle" ilishika kasi mwaka 1861, mwanzoni mwa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, magazeti ya upande wa kaskazini yakiwacheka askari wa kusini waliotimua. "Vamoose" ni Kihispania cha mpakani, "vamos", twendeni, Wamarekani wakaikwangua miaka ya 1830 wakaifanya "potea". "Mosey" ilianza ikiwa na maana ya kutoweka haraka, leo ni kutembea polepole kama mtu asiye na pa kwenda, imegeuka kinyume chake kabisa na hakuna aliyelalamika.

"Scarper" hiyo ni ya Uingereza, utaisikia hapo. Inaonekana imetoka kwa Kiitaliano "scappare", kutoroka, kupitia kwenye lugha ya siri ya watu wa sarakasi, maigizo na mabaharia iliyoitwa Polari, ipo tangu miaka ya 1840. Baada ya vita ya kwanza ya dunia ikaongezewa nguvu na watani wa London wanaopenda vina, kwamba Scapa Flow inaimbana na "go". Scapa Flow ni ghuba kule visiwa vya Orkney, ilikuwa kambi kubwa ya meli za kivita za Uingereza, na hapo ndo Wajerumani walizamisha manowari zao wenyewe 21 Juni 1919 ili zisichukuliwe.

"Scram" ina hadithi tamu zaidi. Ilikuwa slengi ya Marekani tangu miaka ya 1920, ondoka hapa, basi. Tarehe 2 Desemba 1942 Enrico Fermi na wenzake wakawasha kinu cha kwanza cha nyuklia, chini ya majukwaa ya uwanja wa Stagg Field, Chuo Kikuu cha Chicago. Leo ukizima kinu cha nyuklia kwa dharura popote duniani hiyo inaitwa "scram". Watu wanapenda kusema ni herufi za mwanzo za cheo cha jamaa aliyesimama na shoka tayari kukata kamba ya fimbo ya kuzimia. Mwenye shoka alikuwepo kweli, mwanafizikia Norman Hilberry, ila hizo herufi walizipachika baadaye. Maelezo yanayoingia akilini ni yale ya kawaida kabisa, ukishabonyeza kitufe cha dharura kwenye kinu cha nyuklia kinachofuata ni kutoka nduki.

Wamarekani pia wana "get out of Dodge". Dodge City ni mji wa kweli, upo Kansas, zamani ulisifika kwa wachunga ng'ombe na bastola, ila msemo umesambazwa na tamthilia ya Gunsmoke iliyokuwa redioni kuanzia 1952 na kwenye televisheni 1955 mpaka 1975, kila saa kuna mtu anaambiwa auhame mji. Na Waaustralia, hao hawana aibu. Tarehe 17 Desemba 1967 waziri mkuu wao, Harold Holt, aliingia kuogelea Cheviot Beach, Victoria, mawimbi makali, na hakuonekana tena mpaka leo. Jina lake "Holt" linaimbana na "bolt", kuchomoka, basi "do a Harold Holt" ikawa ni kutoweka ghafla. Mwili haujapatikana na wao wameshamfanya nahau! Afu Melbourne kuna bwawa la kuogelea limepewa jina lake. Wana nyingine, "shoot through like a Bondi tram", ondoka kasi kama tramu ya Bondi ya kule Sydney, tramu yenyewe ilisimamishwa 1960 ila kwenye mdomo wa watu bado inatembea.

Yapi utumie wewe? Machache. Kazini na kwa wazee "I'd best be off" inatosha maisha yako yote, na ukiwa na haraka "I've got to dash". Kusimulia kwa marafiki, "I left early" haijawahi kumwaibisha mtu, ukitaka kunogesha "I shot off early". "Scarper" na "leg it" zielewe, zitumie ukishazoeana na watu, kwenye stori za kuchekesha zinakaa vizuri. "Do a runner" mpaka uwe na uhakika kuna kitu hakijalipwa. "Skedaddle" ni ya bibi na wajukuu, haina madhara. "Absquatulate" uliyoikuta kwenye listi ni utani wa Wamarekani wa miaka ya 1830, walijitungia neno lisikike kama Kilatini, ukilisema leo watu watakuuliza unaumwa wapi, na "take a powder" na "twenty-three skidoo" ziache zipumzike na babu zao wa miaka ya 1920 na kurudi nyuma. Za Marekani, "bounce" na "dip", "I'm gonna dip", ni sawa kabisa na nasepa, za vijana na watu wa rika moja, hazina deni wala ugomvi. "Split" inakutambulisha kwamba ulikuwa kijana enzi za wapenda jazi.

Vijana wa London wana zao, "chip" na "duss", na zinapanda kaskazini kwa njia ya muziki na simu. Zisikilize tu. Usije ukamuaga mzee wa Yorkshire na "I'm gonna chip", atajua unapita kwenye chipsi na atakuagiza na samaki.